Amri ya Kufunga na Kazi ya Kufunga

Mwishoni mwa Novemba 2024, Wizara ya Elimu iliamuru shule 348 nchini zifunge bodingi zao za msingi mara moja. Madarasa yangeendelea, watoto wangekuja asubuhi na kurudi kwao jioni, ila hakuna ambaye angelala hapo tena. Zaidi ya wanafunzi 150,000 waliguswa. Ukaguzi uliozaa amri hiyo ulianzia huku kwetu Endarasha, ambapo usiku wa tarehe 5 Septemba mwaka huohuo bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy lilishika moto na watoto 21 wakafa.

Na amri yenyewe sina ubishi. Mtu yeyote aliyekuwa Kieni wiki ile, aliyeona magari yamejaa kwenye ile barabara yetu ya vumbi na wazazi wamekaa kwenye nyasi wakisubiri kuitwa majina, hana ubishi nayo. Tena vipimo vilikuwepo kitambo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara mwaka 2008 unasema kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2, njia ya katikati isipungue mita 2, milango ifungukie nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo. Miaka kumi na sita karatasi hiyo imekaa kwenye makabati ya walimu wakuu. Bweni lisilofikia vipimo hivyo lifungwe. Sawa.

Kinachonisumbua ni hayo maneno mawili, "mara moja". Bodingi ni mahali pa kazi. Kuna matroni, kuna wapishi, kuna askari wa usiku, kuna kijana wa kupasua kuni, kuna mama wa kufua mashuka, kuna mtu analeta maziwa saa kumi na moja asubuhi kwa boda na mwingine analeta kabeji kwa punda. Kuna mitungi ya gesi, sufuria kubwa za kupika githeri ya watu mia mbili, nyaya za umeme zilizoongezwa kila mwaka na fundi tofauti, matangi ya maji, mashimo ya choo. Vitu hivi havijifungi. Mtu anaandika sentensi moja Nairobi, halafu kuna watu huku chini wanaopaswa kujua nani aondoke lini, kipi kizimwe kwanza, na ufunguo abaki nao nani. Hiyo ndiyo kazi ya kufunga, na historia yetu inaonyesha kwamba tumekuwa hodari wa kutoa amri na wavivu wa kazi yenyewe.

Kazi hii nimeijua kwa njia ya riziki. Mimi huandika chochote kinacholipwa, kuanzia tangazo la mbolea hadi hotuba ya harusi. Kuna kampuni moja iliyokuwa inafunga stoo yake baridi na ikataka mwongozo kwa Kiswahili ili wafanyakazi wausome wenyewe. Nikapewa rundo la makaratasi ya Kiingereza na wiki mbili. Nilidhani itakuwa kazi ya kusinzia. Badala yake nilikaa usiku kucha nikisoma habari za amonia.

Nikueleze kwa ufupi, kwa sababu hakuna mtu hufundishwa haya. Kabla ya kuzima chochote, unaandika orodha mbili. Ya kwanza ni ya kila kitu hapo ndani kinachoweza kuwaka, kulipuka, kutia sumu au kumwangukia mtu. Ya pili ni ya kila mtu anayeingia geti hilo, kwa jina, na siku yake ya mwisho. Halafu unaanza na kinachoingia: mali mpya haipokelewi tena, lori linarudishwa getini. Kilicho ndani kinamalizwa au kinahamishwa. Mashine hazizimwi kwa ghafla. Boila, kwa mfano, unaondoa moto, unaacha presha ishuke yenyewe, ndipo unamwaga maji. Ukiharakisha, chuma kinapasuka. Kwenye stoo baridi, amonia iliyo kwenye mabomba inavutwa yote irudi tangini na kuchukuliwa na mtu mwenye kibali kabla umeme haujakatwa, kwa sababu bomba kuukuu lenye amonia katika jengo lisilo na mtu ni bomu linalosubiri mwizi wa vyuma chakavu. Umeme ukikatwa, swichi inatiwa kufuli na lebo yenye jina la aliye na ufunguo. Na baada ya hayo yote, kuna vitu ambavyo bado vinafanya kazi: maji ya kuzimia moto, king'ora, taa za njia ya kutokea, na askari. Vya usalama huzimwa mwisho kabisa, jengo likiwa tupu.

Hicho cha mwisho ndicho kilichonishika. Ukisoma kuhusu Bhopal, India, utaona kilichotokea walipogeuza mpangilio huo. Kila mtu hukumbuka kwamba usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984 gesi ilitoka kwenye kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide na kuua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Wachache hukumbuka kwamba kiwanda kile kilikuwa kwenye njia ya kufungwa. Kilikuwa kinaleta hasara, kampuni ilitaka kukiuza, wafanyakazi walikuwa wamepunguzwa, na utengenezaji wa ile kemikali ulikuwa umesimamishwa wiki kadhaa nyuma. Lakini tani zipatazo 40 za kemikali hiyo zilibaki tangini. Mtambo wa kuipoza ulikuwa umezimwa tangu katikati ya mwaka. Kifaa cha kusafisha gesi hakikuwa tayari kufanya kazi, na mnara wa kuichoma ulikuwa umeondolewa bomba ili litengenezwe. Yaani usalama ulizimwa kwanza kwa sababu ndio ulioonekana kuwa gharama bila faida, na sumu ikabaki. Bhopal husimuliwa kama habari ya kiwanda kilichokuwa kikifanya kazi vibaya. Mimi naisoma kama habari ya kufunga vibaya.

Turudi Kieni.

Ardhi hii ya Endarasha, kabla ya uhuru, ilikuwa ndani ya eneo la mashamba ya walowezi. Na kuondoka kwa walowezi, ukitaka kujua, ndiko kufunga kulikopangwa kwa makini zaidi katika historia ya sehemu hizi. Mpango wa Ekari Milioni ulianza 1962, pesa nyingi zikitoka Uingereza kwa mikopo na misaada. Wathamini walikuja na daftari. Wakahesabu nyumba, ua, josho la ng'ombe, miti, matangi. Mlowezi aliyeamua kuuza alijua bei yake, na alikuwa na muda wa kupiga mnada trekta na kukata tiketi. Nakiri kwamba kama mfano wa utaratibu, ni kazi safi. Ila huo utaratibu ulipangiwa nani? Vibarua walioishi kwenye mashamba hayo, wengine tangu wazazi wao, hawakuwa kwenye daftari la mthamini. Baadhi walipata ploti mpango ulipokuja. Wengi waliambiwa wapishe wenye ploti. Mtu aliyekamua ng'ombe wa bwana kwa miaka ishirini alitoka na blanketi na sufuria. Mpango mzuri wa kufunga ulikuwepo basi, ukamhesabu mwenye mali na ukamruka mfanyakazi, na sidhani tabia hiyo iliondoka na bendera.

Miaka kumi kabla ya hapo palikuwa na kufunga kwa aina nyingine kabisa. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na muda mfupi baadaye ikaanza kufunga shule huru za Wakikuyu, zile za KISA na za Karing'a, ambazo wazazi walikuwa wamejijengea kwa michango yao tangu miaka ya thelathini. Hapa Nyeri zilikuwa nyingi. Dedan Kimathi mwenyewe alifundisha katika shule ya Karuna-ini. Amri ilitoka, milango ikapigiliwa. Watoto wakaambiwa waende shule zinazosimamiwa na serikali au misheni, kama zitawachukua na kama wazazi watakubali masharti, na wengine hawakurudi darasani tena. Chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa na Mbiyu Koinange mwaka 1939 na baadaye kuongozwa na Kenyatta, kilifungwa na mahali pake pakageuzwa pa kunyongea watu. Sidai kwamba Wizara ya 2024 ni serikali ya 1952. Sababu zake ni tofauti kama usiku na mchana. Ile ilifunga kuwanyamazisha watu na hii imefunga watoto wasiungue. Lakini ukimuuliza mzee wa hapa shule hufungwaje, jibu lake ni barua, askari na kufuli, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoona. Hajawahi kuona mkutano wa wazazi ukiitwa kabla.

Baada ya uhuru tukaongeza aina ya tatu, yaani kufa polepole bila mtu kutamka kwamba pamefungwa. KCC, chama cha maziwa kilichoanzishwa na walowezi mwaka 1925, ndicho kilichonunua maziwa ya Kieni kupitia kiwanda cha Kiganjo. Miaka ya tisini kikaanza kuzama kwa madeni na siasa. Wakulima wakapeleka maziwa, malipo yakachelewa, wakapeleka tena kwa sababu maziwa hayangoji. Mwaka 2000 kampuni ikauzwa kwa watu binafsi. 2003 serikali mpya ikaichukua tena na kuiita New KCC. Huku nyumbani bado kuna watu wenye risiti za wakati ule. Hakukuwa na siku ambayo mtu alisimama akasema, kuanzia leo msilete, na deni lenu ni hili. Kwa kazi ya kufunga, kosa hilo ni la kwanza kabisa: lori halikurudishwa getini.

Sasa rudi kwenye miezi ile ya mwisho ya 2024, kwa sababu mambo mengine mawili ya kufunga yalifikia kilele pamoja na letu, yote Pwani.

La kwanza ni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kupata risasi kilifungwa mwaka 2014 baada ya miaka ya kelele. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua mtoto wake ana sumu ya risasi mwilini, akaacha kazi na kuanza kupigana. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. (Kiswahili kimetupa neno moja kwa ile chuma nzito na kwa ile inayotoka kwenye bunduki, na Owino Uhuru tofauti haikuwa kubwa.) Sikiliza sasa. Kiwanda kilifungwa, kufuli likatiwa, wenyewe wakaenda. Risasi ikabaki kwenye udongo, ambako watoto waliendelea kucheza na mama wakaendelea kufagia. Mwaka 2020 mahakama ikawapa wakaaji fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza mahali pasafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha fidia ile. Miaka kumi tangu kufuli, watu walikuwa bado kortini kudai ile nusu ya pili ya kufunga, ambayo ni kusafisha.

La pili ni Kwale. Kampuni ya Base Titanium ilikuwa imechimba mchanga wa madini huko tangu mwishoni mwa 2013, na Desemba hiyohiyo ya 2024 ikasimamisha uchimbaji kwa sababu madini yalikuwa yamekwisha. Habari hiyo haikumshtua mtu. Tarehe ilikuwa imetangazwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Sehemu zilizochimbwa mapema zilikuwa zimeanza kufukiwa na kupandwa miti huku mashine zikiendelea upande mwingine. Wafanyakazi walijua siku yao. Si ati watu wa Kwale walifurahi: ajira zimekwenda, na malalamiko juu ya mrabaha na ardhi hayajaisha hadi leo. Lakini kufunga kwenyewe kulikuwa na ratiba. Tena si kwa wema tu. Sheria ya Madini ya 2016 inamdai mwenye mgodi mpango wa kufunga na dhamana ya pesa ya kurekebisha ardhi. Yaani serikali inamwambia mchimbaji: kabla sijakuruhusu kuanza, nionyeshe utakavyomaliza.

Nikaona jambo la kuchekesha, kama unaweza kulicheka. Nchi hii inajua kabisa kudai mpango wa kufunga. Inaudai kwa ajili ya mchanga. Kwa bweni la watoto wa darasa la nne na watu wanaolipwa kulilinda, inatosha kusema mara moja.

Na hayo maneno yanagongana na sheria nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri anayepunguza watu kwa sababu kazi imeisha lazima atoe taarifa kwa chama chao na kwa afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama aarifiwe yeye mwenyewe kwa maandishi. Kila mmoja alipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Wizara ikisema leo, mwenye shule akatii leo, mpishi wake atapata wapi huo mwezi? Serikali ingeweza kuandika aya moja tu kwenye agizo lile: watoto wasilale hapo kuanzia leo, lakini wafanyakazi wa bodingi wabaki kwenye vitabu mwezi mmoja, wafanye kazi ya kufunga, walipwe kwa hiyo. Kazi ingekuwepo. Amri ilitoka watoto wakiwa likizo, na muhula mpya ulikuwa uanze tarehe 6 Januari 2025. Wiki tano na zaidi. Mabweni yalikuwa matupu. Hapo ungekata umeme wa bweni kwenye swichi kuu na kutia kufuli, ungerudisha mitungi ya gesi kwa mwenye duka, ungeondoa magodoro, ambayo ndiyo kuni mbaya kuliko zote, kabla mtu hajafikiria kuyarundika kwenye chumba kilicho karibu na darasa. Ungekaa na wazazi mmoja mmoja. Mzazi wa Kieni anayeng'oka saa kumi alfajiri kwenda kibarua kwenye shamba la maua hakumpeleka mtoto bodingi kwa madaha. Ukimwambia mtoto atarudi nyumbani kila jioni, swali lake ni nani atafungua mlango.

Jirani yangu alikuwa matroni katika shule moja ya upande huu, si ile iliyoungua. Namuita cucu tangu nikiwa mdogo, ingawa hana umri huo na amenikemea mara nyingi. Alipigiwa simu. Akaambiwa bodingi imefungwa, asirudi Januari, na vitu vyake avichukue siku yoyote mwenye ofisi akiwepo. Miaka kumi na moja. Nilimuuliza kama anajua kuhusu siku 15 kwa kila mwaka. Tulihesabu pamoja kwa simu yangu, siku 165, miezi mitano na nusu. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kijana wangu, hiyo pesa ni ya mtu mwenye barua. Mimi niliajiriwa kwa mdomo." Nikamweleza kwamba sheria haihitaji barua ili aitwe mfanyakazi, na kwamba ofisi ya leba ipo Nyeri mjini. Akaniuliza nauli ya Nyeri ni ngapi siku hizi.

Kile anachokizungumzia zaidi, hata hivyo, ni daftari. Tarehe 6 Septemba, Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alisema watoto 70 hawajulikani walipo. Nchi nzima ilisikia 70 ikashika kichwa. Wengi wao walikuwa hai. Usiku wazazi walikuwa wamefika na kuchukua watoto bila kuandikwa popote, na majirani wa shule walikuwa wamewafungulia wengine milango na kuwalaza jikoni. Ilichukua siku kadhaa kwenda nyumba kwa nyumba na kupiga simu kwa wazazi hadi hesabu ikakaa, huku waliokufa wakisubiri vipimo vya DNA ili warudishiwe majina. Kwenye mwongozo wowote wa kufunga au kuhamisha watu, ukurasa wa kwanza ni huo: orodha ya majina, ikae getini na siyo ndani ya jengo linaloweza kuungua, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuweka alama.

Cucu alikuwa na daftari kama hilo, la kurasa 96, lenye jalada la bluu. Ndani yake kuna vitanda kwa namba, jina la mtoto wa juu na wa chini, simu ya mzazi, simu ya pili kama ya kwanza haishiki, nani ana pumu, nani hukojoa, nani hutembea usingizini na alazwe mbali na mlango. Alilianza mwenyewe bila kuambiwa, na kila muhula alilinakili upya. Alipoenda kuchukua vitu vyake Januari, magodoro yalikuwa yamerundikwa kwenye chumba cha mwisho, taa ya kule ikiwaka mchana. Alimuuliza karani ampe nani lile daftari. Karani akamwambia halihitajiki tena, bodingi imefungwa. Analo nyumbani, juu ya kabati, limefungwa kwa karatasi ya nailoni lisiingie moshi.